Keki za Vijiti na Joto la Visiwani

Assalaamu alaykum. Mama zetu, dada zetu, na nyinyi vijana mliokaa kule mlangoni, sogeeni mbele, maana mengi ya leo ni ya kutazama kwa jicho.

Tumeombwa tuzungumzie keki za vijiti, yale madonge madogo ya keki yanayochovywa chokoleti na kusimamishwa juu ya kijiti, ambayo siku hizi hayakosi kwenye meza ya siku ya kuzaliwa wala kwenye sinia la bi harusi. Zilianza kuvuma Marekani mwaka 2008, na maelekezo mengi mnayoyaona kwenye simu yameandikwa na watu wanaopika kwenye nyumba zenye nyuzi 20. Hapa kwetu kaskazi ikivuma, Januari na Februari, jikoni mna nyuzi 31 au 32 na hewa imelowa. Mtu anafuata kila hatua aliyoelekezwa, na bado donge linateleza kijitini, ganda linapasuka, au keki zinatoka jasho mezani wageni wakitazama. Mkono wake hauna kosa, joto ndilo lililomshinda. Kwa hiyo mkisahau mengine yote ya leo, shikeni swali hili: chokoleti na donge vinapokutana, kila kimoja kina joto gani?

Keki yenyewe hatutakaa nayo sana kwa sababu mnaijua. Unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 170, majarini gramu 150, mayai 3, maziwa robo kikombe, beking pauda vijiko 2 vidogo, na hiliki iliyotwangwa nusu kijiko kidogo. Oveni iwe nyuzi 170, na wanaochoma kwa mkaa waweke makaa mengi juu na machache chini, kama kawaida yetu. Usiinyunyizie shira wala maji ya matunda, kwani tunataka keki kavukavu. Ikipoa, ifunike ilale usiku mmoja. Keki ya moto ikivurugwa inageuka ugali.

Asubuhi yake, kata ukoko wote wa juu, chini na pembeni. Wengi wanaona uchungu kuutupa, na kweli hautupwi, unanyweewa chai. Lakini usiingie kwenye madonge. Ukoko hausagiki, unabaki vipande vigumu ambavyo baadaye vinachomoza kwenye ganda la chokoleti kama chunusi, na hakuna pambo litakaloficha. Sehemu nyeupe ya ndani isugue baina ya viganja, au ipitishe kwenye chungio la matundu makubwa, mpaka iwe laini kama chicha. Kwa kipimo tulichotaja utapata chenga kiasi cha gramu 600.

Sasa tufike kwenye jambo linaloharibu kazi za watu kuliko yote: kitu cha kushikishia. Chenga peke yake hazikai donge, zinataka kitu cha kuzifunga, na huko ng'ambo wanatumia krimu ya siagi na sukari ya unga. Nasi tunaweza. Changanya majarini gramu 40 na sukari ya unga gramu 80. Usimimine yote. Tia vijiko 2 vikubwa kwenye chenga, kanda kwa ncha za vidole, halafu jaribu: chukua kiasi cha yai dogo, ukibane ngumini, ufungue. Kikimeguka, ongeza kijiko kimoja. Kikikaa imara na kiganja kikabaki kikavu, acha hapohapo hata kama krimu imebaki nusu bakuli. Ukiona kiganja kinang'aa mafuta, umeshazidisha, na dawa yake ni chenga zaidi, si friji. Friji italigandisha donge kwa muda tu. Likirudi kwenye joto la chumba mafuta yatalainika, donge litashuka kijitini polepole, na wewe utadhani kijiti ndicho kibaya.

Kwa miezi ya joto sisi tunapendelea maziwa mazito ya kopo badala ya krimu. Kwa chenga gramu 600 anza na gramu 80, kisha ongeza kidogokidogo, na mara nyingi hutavuka gramu 110. Maziwa haya yanashika kwa unato wa sukari, hayategemei mafuta yaliyoganda, kwa hiyo nyuzi 32 haziyatishi kama zinavyoitisha krimu. Kasoro yake ni utamu. Basi punguza sukari ya keki mpaka gramu 140. Jibini laini la ng'ambo msilitumie kwa oda za hapa. Linataka friji tangu linapotoka dukani mpaka linapoingia mdomoni, na harusi zetu haziendi hivyo.

Kwa Ramadhani na Iddi kuna njia nyengine nzuri, ya tende. Tende laini zisizo na kokwa gramu 120, ziponde mpaka ziwe uji mzito, uzitie badala ya maziwa. Zinashika vizuri mno. Ila donge linakuwa zito, kwa hiyo lipunguze mpaka gramu 25. Na kwa kuwa tuko Pemba na tunajua mtataka karafuu: iliyosagwa, ncha ya kisu tu kwa mchanganyiko mzima. Ikizidi hapo, mteja atakula keki na akili yake iko kwa daktari wa meno.

Mizani ni lazima. Ya jikoni, ndogo, inayosoma gramu moja moja. Donge la kawaida ni gramu 28, na hilo lina upana wa kama sentimita 3 na nusu. Likifika gramu 40 linakuwa kubwa kupita nguvu ya kijiti chake. Kwa kipimo chetu cha leo unapata madonge 24 au 25. Libane kwanza kwa nguvu ngumini mara mbili tatu ili hewa itoke, ndipo ulizungushe baina ya viganja. Nyufa ndogo za juu zisiachwe ati chokoleti itaziziba. Hewa iliyonasa ndani itatafuta pa kutokea ganda likishakauka, na utaona kitundu na tone la mafuta linachuruzika. Yapange kwenye sinia lenye karatasi ya kuokea, uyafunike, uyaweke friji saa moja. Mwenye haraka anaweza kutumia friza dakika 20, zisizidi.

Vijiti. Vya karatasi ngumu vya sentimita 15 ndivyo bora, vinauzwa na wauza vifaa vya keki. Ukivikosa, mishikaki ya mianzi inafaa: ikate katikati, uondoe ile ncha kali, kwa sababu watoto ndio walaji. Njukuti za makuti msijaribu. Ni nyembamba na zinateleza, donge linazunguka juu yake na mwisho linashuka mpaka chini. Kabla ya kuchomeka, chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti sentimita moja na nusu, kisha kiingize moja kwa moja mpaka kati ya donge, kisitokeze upande wa pili. Chokoleti hiyo ndiyo gundi. Ikikauka, inashika kijiti ndani na inaacha ukingo mdogo pale kijiti kinapoingilia. Rudisha friji dakika 15. Anayeruka hatua hii tunamjua mara moja, keki zake zinabaki ndani ya kikombe na vijiti vitupu vinabaki mkononi.

Chokoleti sasa, na hapa tutakaa kidogo.

Ziko za namna mbili. Ya kwanza ina siagi ya kakao, ndiyo chokoleti halisi. Ukitaka ikauke iking'aa na ivunjike kwa mlio, lazima uiyeyushe kwenye nyuzi 45 mpaka 50, uishushe mpaka 27 au 28, halafu uipandishe tena 31 au 32, kama ni nyeusi. Angalia tarakimu hizo, kisha kumbuka joto la jikoni mwako. Utaishusha vipi mpaka 27 ndani ya chumba cha nyuzi 31? Bila kiyoyozi itakauka na madoa ya kijivu au haitakauka kabisa. Ya pili ni chokoleti iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea mahali pa siagi ya kakao, na utaijua ukisoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Wajuzi wa ng'ambo wanaidharau kwa ladha yake, na ladha kweli inazidiwa. Lakini haitaki kupandishwa na kushushwa, inayeyuka, inachovywa, inaganda. Kwa Unguja na Pemba tunasema tumieni hii, na wala msione haya.

Ikate vipande vidogo vilivyo sawa. Madonge 25 yanakula kama gramu 350 za ganda, lakini yeyusha 500, kwa sababu donge lazima lizame. Inayobaki imwage kwenye karatasi ya kuokea, igande, itumike siku nyengine. Chemsha maji kiasi kidogo kwenye sufuria, zima moto, kisha weka bakuli juu yake bila kitako chake kugusa maji. Koroga taratibu. Vipande vichache vikibaki havijayeyuka, ondoa bakuli, joto lake litavimaliza. Ikipita nyuzi 50, hasa ile nyeupe, inakuwa nzito na chengachenga, na hairudi vizuri. Tone moja la maji, au mvuke uliogeuka maji chini ya mfuniko, nalo linaikamata: chembe za sukari zinalowa, zinashikana, na bakuli zima linageuka donge gumu. Ikifika hapo usipambane nayo. Itie maziwa ya moto uifanye mchuzi wa kumiminia keki nyengine, kwa kuchovyea haifai tena. Futa kila kijiko na kila bakuli kwa kitambaa kikavu kabla ya kuanza, hata kama unaona ni vikavu.

Chokoleti ikiwa nzito, donge linavaa koti nene linaloliangusha. Ilainishe kwa mafuta mgando ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa kwa gramu 500, na ukizidi sana viwili. Inapochuruzika kutoka kwenye kijiko bila kukatika, inatosha. Kuna dada ameuliza hapa kama mafuta ya nazi yanafaa, kwani maelekezo mengi yanayataja. Huko yanafaa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, na kwetu mchana kutwa yako maji ndani ya chupa. Ukiyatia, ganda halikazi, na kila anayeligusa anaacha alama ya kidole. Nazi ndiyo bibi wa jiko letu, lakini kwa kazi hii ikae pembeni.

Rangi pia. Zile za maji za chupa ndogo ni za unga wa keki na krimu. Ndani ya chokoleti zinafanya kazi ileile ya tone la maji. Tumia rangi ya unga au ile iliyotengenezwa kwa mafuta, uianze kwenye chokoleti nyeupe kidogo kidogo.

Tuje kwenye kuchovya. Mimina chokoleti kwenye kikombe chembamba kirefu, si bakuli pana, ili kina kitoshe. Iwe nyuzi 40 mpaka 42. Asiye na kipimajoto aguse kidogo kwa kijiko ndani ya kifundo cha mkono. Asikie uvuguvugu tu, na ikiwaka bado. Toa madonge matano friji, siyo sinia zima, uyaache dakika 5. Kwa nini tungoje wakati tulihangaika kuyapoza? Kwa sababu donge lililo baridi sana linagandisha ganda papo hapo, halafu donge lenyewe linapata joto na kutanuka ndani ya ganda lisilotanuka. Matokeo yake ni ufa, mara nyingi saa mbili au tatu baadaye, keki zikiwa zimeshafungwa utepe. Donge tunalolitaka ni gumu kidogo kwa kulibonyeza na baridi kama maji ya mtungi.

Litose wima, moja kwa moja, mpaka chokoleti ipande na kufunika ule ukingo kwenye shina la kijiti. Usikoroge. Usilizungushe ndani. Linyanyue wima vilevile, kisha liinamishe juu ya kikombe. Kijiti kikae kwenye vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili gonga kifundo cha ule ulioshika, taratibu, huku ukizungusha kijiti. Ziada itadondoka. Wanaogonga kijiti chenyewe kwenye mdomo wa kikombe wanalilegeza donge. Tazama shina: kama pana uwazi hata wa upana wa uzi, ziba kwa kijiko kidogo, maana hapo ndipo mafuta na unyevu hutokea. Kwenye joto letu ganda linachukua dakika 3 mpaka 5 kukauka. Ukiona zimepita 10 na bado linashika kidole, chokoleti ina mafuta mengi au imechovywa ya moto.

Pa kuzisimamisha zikauke: boksi la viatu lililotobolewa kwa msumari linatosha, au povu gumu linalokuja na vyombo vya umeme, lililofunikwa karatasi ya bati. Kipande cha mgomba nacho kinasimamisha vizuri ila kina maji. Vijiti vya mianzi havidhuriki, vya karatasi vinalainika chini.

Mapambo mnayaweza kuliko sisi. Chembe za sukari za rangi, ufuta uliokaangwa, korosho iliyopondwa, vyote vinanyunyizwa chokoleti ikiwa bado mbichi lakini imeacha kudondoka. Ukiwahi, vinateleza mpaka kijitini, na ukichelewa vinaanguka chini. Nazi iliyokunwa lazima ikaushwe kwanza moto mdogo mpaka isishikane, kisha ipoe kabisa. Nazi mbichi inachacha, na kwenye joto hili haikawii. Korosho na lozi ziandikwe kwenye boksi, kwani kuna watoto zinawadhuru. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe donge bila kijiti, limekatwa.

Lakini pambo ambalo Zanzibar inaweza kuwafunza wengine ni la mstari. Anayejua kusokota koni ya hina ana nusu ya kazi mkononi. Sokota koni ndogo ya karatasi ya kuokea, itie vijiko 2 vya chokoleti ya rangi nyengine ya nyuzi kama 35, nzito kidogo, ukate ncha upana wa sindano. Subiri ganda la kwanza likauke kabisa. Chora maua ya hina juu ya ganda la rangi ya samli, au ile korosho ya kwenye kanga, na pindo la vitone chini yake. Koni ikiwa ya moto inayeyusha ganda na mstari unazama, ikipoa sana unakatika. Ishike kwenye kiganja kilichofunikwa kitambaa, isipate joto la mkono. Kwa harusi, keki nyeupe zenye mchoro wa kahawia zinapendeza kuliko rundo la rangi saba, kwa maoni yetu.

Jambo la halali lisiachwe nyuma. Soma pakiti. Jelatini huweza kuwa ya nguruwe, na iko kwenye peremende laini nyingi zinazowekwa juu ya keki. Rangi nyekundu yenye namba E120 inatokana na wadudu, na wateja wengi huuliza. Arki ya vanila nyengine ina kileo. Hifadhi picha ya maandishi ya pakiti kwenye simu, ili mteja akiuliza usianze kukisia.

Kuhifadhi. Zilizoshikishwa kwa maziwa mazito au tende, kwenye boksi lililofungwa, zinakaa siku 2 chumbani ndani ya kipupwe, na kwenye kaskazi siku moja. Friji siku 5. Madonge ambayo hayajachovywa yanakaa friza mwezi mzima, na hapo ndipo oda kubwa inapopangwa: madonge wiki ya kabla, kuchovya siku moja kabla, alfajiri, jiko halijawashwa na jua halijapiga bati.

Jasho ndilo mtihani wa mwisho. Keki ikitoka friji na kukutana na hewa yetu, matone ya maji yanatanda juu yake, rangi za chembe zinavuja, mng'aro unakufa. Kwa hiyo boksi lifungwe ndani ya friji, litoke limefungwa, na lisifunguliwe mpaka kitako chake kisisikike baridi, saa moja na nusu hivi. Matone yatatanda nje ya boksi na si juu ya keki. Kwa safari ya boti kutoka Unguja kuja bandari ya Mkoani, au gari kutoka Chake Chake kwenda Wete, zilaze zikiwa zimefungwa moja moja, safu kwa safu, na karatasi katikati. Ndani ya ndoo ya barafu, chini kabisa, weka chupa za maji yaliyogandishwa, juu yake taulo, juu ya taulo ndio boksi. Keki zikigusana na chupa zitapasuka. Umeme ukikatika, ndoo hiyo hiyo ndiyo friji yako, na usiifungue kila dakika kuangalia.

Bei kila mtu anajua soko lake. Tunakumbusha tu vinavyosahauliwa: vijiti, utepe, gesi, nauli, na zile zinazovunjika. Oda ya 30, tengeneza 33. Zikibaki, sisimizi wasizione.

Chokoleti iko juu ya maji pale mezani, imefika 41. Madonge matano yametoka friji sasa hivi. Wanaotaka kuanza wanawe mikono na waikaushe vizuri, mpaka baina ya vidole.